Mbunifu anayeanza Bagamoyo: Mali kauli ndiyo inayomvunja moyo

Vitambaa 20 vya batiki vikipelekwa dukani Bagamoyo kwa mali kauli mwezi Machi, masika yakiwa yanakaribia, si ajabu mwezi Mei vingi vikawa bado vinaning'inia palepale. Mwenye duka hajapoteza kitu kwa kuwa hakutoa senti. Aliyevitengeneza ndiye ambaye mtaji wake wote umetundikwa ukutani, na kila akipita kuulizia anaambiwa wageni wamepungua, arudi wiki ijayo. Baada ya safari tatu nne za namna hiyo wengi huiacha kazi. Mmoja hupanda bodaboda, mwingine hurudi kulima Zinga au Kiromo, mwingine huchukua basi la Dar es Salaam kutafuta ajira. Mtaani husemwa kwamba kijana alikuwa na mkono mzuri ila hakuwa na moyo.

Maelezo hayo hayamsaidii mfanyabiashara. Anayenunua kazi za wabunifu ili auze, au anayefikiria kuweka fedha kidogo kwenye karakana ya kijana, anahitaji kujua kwa nini mtu mwenye kipaji anatoka sokoni mwaka wa kwanza au wa pili, na ni nini humfanya abaki na kukua. Ukifuatilia mwenendo wa fedha tangu inapotoka kununua kitambaa hadi inaporudi mfukoni, sehemu kubwa ya jibu inaonekana hapo. Moyo wa mbunifu anayeanza huenda sambamba na mzunguko wa mtaji wake. Mtaji ukikwama, hana cha kufanyia kazi, na asiyefanya kazi hajifunzi.

Wanunuzi wa aina tatu

Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, si mji mgeni kwa sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake lilianza mwaka 1982. Mbali na ngoma, muziki na maigizo, hufundishwa pia sanaa za ufundi, hivyo mji huu hupata mara kwa mara vijana wanaojua kuchora, kuchonga na kutia rangi. Pamoja nao wapo mafundi ambao hawakupita chuoni: washonaji wa mitindo ya vitenge, wachonga milango na vitanda, waandika mabango, na waunda majahazi wa pwani hiyo. Watu huwaita mafundi tu, lakini kila anayeamua umbo, rangi na kipimo cha kitu kabla hakijatengenezwa anafanya kazi ya ubunifu, na matatizo yao ya kibiashara yanafanana.

Wanaowanunulia ni wa aina tatu. Kuna mtalii, kuna mtu wa Dar es Salaam anayekuja kupumzika mwisho wa wiki, na kuna mwenyeji mwenye nyumba yake, harusi yake na watoto wake wa shule. Kijana anayeanza karibu daima humlenga wa kwanza, kwa sababu ndiye anayedhaniwa kuwa na fedha. Lakini mtalii wa Bagamoyo mara nyingi ni wa nusu siku. Anatazama Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, magofu ya Kaole na misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868, kisha anaondoka. Ananunua kinachoingia kwenye begi, na hatarudi kuleta mwenzake.

Mtu wa Dar es Salaam ni mnunuzi tofauti. Ana gari, hivyo kiti au fremu ya kioo si tatizo kwake, na akiridhika anaweza kupiga simu mwezi ujao kuagiza cha pili. Mwenyeji naye hubishana bei kuliko wote, ila ndiye anayeagiza mapazia, shuka za kitanda, mlango wa nyumba mpya na sare za ndugu kwa ajili ya harusi. Oda ya sare za harusi moja inaweza kumweka fundi kazini wiki nzima, na siku ya sherehe watu wote walioalikwa wanaiona kazi yake bila yeye kulipa tangazo. Ni ajabu kidogo kwamba vijana wengi huiona oda hiyo kuwa ya kushusha hadhi.

Ipo bidhaa moja ambayo kwa kawaida mbunifu anayeanza hawezi kuigusa, nayo ni kanga ya kiwandani. Kuchapa kanga kunadai zana za uchapaji kwa kila rangi iliyo katika mchoro, na kiwanda hakiwashi mashine kwa doti kumi au ishirini. Anayeagiza ni mfanyabiashara wa jumla mwenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa na kungoja uuzike. Ndiyo maana wanaoanza wanaingia kwenye batiki, ushonaji, uchoraji na mbao, kazi ambazo kipande kimoja kinaweza kutengenezwa na kuuzwa peke yake.

Na upande wa nguo za kila siku, mlango umebanwa na mitumba. Tangu biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, shati la mtumba limekuwa la bei ambayo fundi wa kawaida hawezi kuishindania kwa kitambaa kipya. Mshonaji anayeanza hana budi kwenda mahali ambapo mtumba haufiki: nguo ya kipimo cha mtu, nguo ya shughuli, na nguo inayofanana kwa watu kumi na tano.

Shanga za mwaka 1871

Suala la kumjua mnunuzi lina historia ndefu mjini hapa. Henry Morton Stanley alipokuwa akitayarisha msafara wake mwaka 1871, kabla ya kuondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, moja ya kazi zilizomsumbua zaidi ilikuwa kuchagua nguo na shanga za kubadilishana njiani. Aliambiwa kuwa shanga nyeusi zilipokelewa kama fedha Ugogo lakini sehemu nyingine hazikuwa na thamani, na kwamba Unyamwezi walitaka zile nyekundu, samesame, na kuzikataa nyingine. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba uzito wa bure, na wapagazi walilipwa vilevile.

Zilikuwa shanga nzuri, hakuna aliyesema ni mbaya. Hasara ilitokana na kutouliza kabla ya kufunga mzigo. Mbunifu anayetengeneza vitambaa 20 vya mchoro mmoja, rangi anayoipenda yeye, na kuvipeleka vyote mahali pamoja, anarudia kosa lilelile akiwa na mtaji mdogo zaidi. Wenye uzoefu hupeleka vipande vitano vya michoro mitano, huandika kipi kimeondoka kwanza na nani alikinunua, ndipo hutengeneza zaidi ya kilichoondoka. Huko ndiko kujifunza kwa mbunifu kulikotofautiana na kujifunza kwa mwanafunzi wa darasani: anayesahihisha ni mtu aliyetoa fedha, na sahihisho huja haraka tu iwapo mzigo ni mdogo.

Hesabu ya vitambaa 20

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, na kila fundi anaweza kuweka bei zake mwenyewe. Tuseme kitambaa, nta, rangi na dawa zake kwa kipande kimoja ni shilingi 6,000. Vipande 20 ni shilingi 120,000, na hiyo ndiyo fedha yote aliyonayo kijana. Kazi ya kuchora, kupaka nta, kuchovya, kuchemsha na kuanika inachukua siku sita.

Akipeleka kwa mali kauli kwa makubaliano ya kulipwa shilingi 12,000 kwa kila kipande kitakachouzwa, kwenye karatasi ana faida ya shilingi 120,000. Mwezi ukiisha, tuseme vimeuzwa vinane. Anapokea shilingi 96,000. Hajarudisha hata fedha ya rangi, na vipande 12 bado viko dukani. Hawezi kununua vifaa vya mzigo wa pili kamili, na kwa mwezi mzima hakuwa na sababu ya kushika brashi.

Akiuza kwa fedha taslimu kwa shilingi 10,000, wengi watamwambia ameuza rahisi. Lakini siku hiyohiyo ana shilingi 200,000. Anarudisha mtaji, anabaki na shilingi 80,000, na wiki inayofuata yuko kazini. Mtaji ukizunguka mara mbili kwa mwezi, shilingi 80,000 inakuwa 160,000, na muhimu zaidi ni kwamba ametengeneza vipande 40 badala ya 20. Mkono umezoea, makosa ya nta yamepungua, na ameonyesha michoro mingi zaidi kwa watu wengi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo bado imelificha, nalo ni ujira wa mtengenezaji mwenyewe. Siku sita za kazi, zikikadiriwa kwa shilingi 8,000 kwa siku, ni shilingi 48,000. Gharama halisi ya mzigo ni shilingi 168,000, yaani 8,400 kwa kipande. Anayeuza kwa 10,000 amejilipa ujira na kubaki na shilingi 32,000 za kukuza kazi. Anayekubali 8,000 kwa kuwa "si haba" anapokea shilingi 160,000 mkononi, anaona ziada ya 40,000 juu ya vifaa, na anaondoka akifurahi. Kumbe amejilipa pungufu kwa shilingi 8,000 kuliko ujira aliojipangia, na hakuna hata senti ya kukuza kazi. Akiendelea hivyo miezi sita atachoka bila kuelewa kwa nini anachoka. Mchovu huyu ndiye ambaye baadaye hupewa semina ya kumtia moyo.

Namna ya kugawana hatari

Haina maana mwenye duka anayechukua kwa mali kauli ni mtu mbaya. Utaratibu huo umeijenga biashara ya Kariakoo, na kwa muuzaji mdogo asiye na fedha ni njia halali ya kuanza. Tofauti ni nani anamkopesha nani. Kariakoo, kwa kawaida, mwenye ghala kubwa ndiye anayempa machinga mzigo auze kisha arudishe. Mwenye nguvu anamwamini mnyonge. Kwenye kazi za mikono za pwani hii mambo yamegeuka: kijana mwenye shilingi 120,000 anamkopesha mwenye duka la kodi, mlango wa kioo na leseni.

Njia ya kati inawezekana. Mwenye duka analipa fedha ya vifaa siku ya kupokea mzigo, na iliyobaki analipa kipande kinapouzwa. Kwa mfano uleule, analipa shilingi 6,000 kwa kila kipande, jumla 120,000, na anaongeza 5,000 kwa kila kinachouzwa. Mbunifu amepunguza bei kutoka 12,000 hadi 11,000, lakini mtaji wake umerudi siku ya kwanza.

Mwenye duka anapata nini? Akiuza kwa shilingi 20,000 kwa kipande, mali kauli ya kawaida ingempa faida ya 8,000 kila kimoja, jumla 160,000 kwa mzigo wote. Kwa njia hii, vinane vya kwanza vinamrudishia alichotoa bila faida, na vile 12 vinavyofuata vinamwachia 15,000 kila kimoja, jumla 180,000. Amepata 20,000 zaidi kwa kukubali kubeba sehemu ya hatari. Tena duka ambalo limetoa fedha huviweka vitambaa mbele. Vile visivyogharimu kitu mara nyingi huishia nyuma ya mlango, vikipauka kwa jua. Asiyekuwa tayari kutoa shilingi 120,000 achukue vipande 10. Mzigo mdogo wenye malipo unamfaa mbunifu kuliko mkubwa wa ahadi.

Kwa oda za mwenyeji, kanuni ni kianzio. Fundi wa vitanda asiyechukua kianzio ananunua mbao kwa fedha yake na kumtengenezea mteja kitu ambacho mteja anaweza kukikataa. Siku hizi kianzio hutumwa kwa simu bila mtu kupanda gari, na ujumbe wa malipo hubaki kuwa ushahidi wa kiasi na tarehe. Hata hivyo maelezo ya kazi yenyewe, yaani kipimo, aina ya mbao, rangi na siku ya kukabidhi, yaandikwe kwenye daftari na kutiwa saini. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja huanzia kwenye neno "nilidhani".

Waliokua

Mifano miwili ya Dar es Salaam inaeleza vizuri namna mbunifu anavyokua pasipo mtaji mkubwa.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuja jijini. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia mbao laini za dari zilizokatwa vipande vya mraba na rangi za mafuta za kawaida, zile za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni waliokaa eneo hilo walipita kununua mahitaji yao. Kibiashara kila kitu kilikuwa sawasawa: malighafi ya bei ndogo, kipimo kinachobebeka, na mauzo ya taslimu mbele ya mnunuzi mwenyewe.

Alichukua ndugu na jamaa akawafundisha. Alipofariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo, wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Faida ya kukaa pamoja kwa anayeanza ni kubwa kuliko inavyosemwa. Anajifunza kwa kutazama, rangi inanunuliwa kwa pamoja, na siku ambayo yeye hakuuza, jirani ameuza, hivyo anajua kwamba soko lipo na tatizo liko kwenye picha yake. Anayekaa peke yake chumbani hana kipimo hicho. Siku mbaya moja inamfanya aamini kwamba kazi yote ni mbaya.

Ila mtindo huo ulizaa tatizo lake. Wanafunzi walipoiga mwalimu, na wengine wakawaiga wanafunzi, tembo na ndege walifanana kutoka Oyster Bay hadi Zanzibar, na mnunuzi akabaki na jambo moja tu la kulinganisha, bei. Kuiga ni shule nzuri ya mwaka wa kwanza. Ukifika mwaka wa tatu unakuwa mtego.

Mfano wa pili ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Alikuja mjini akiwa mchongaji. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilimpokea kwanza kama mlinzi. Akiwa hapo alianza kuhamishia mashetani ya uchongaji wa Kimakonde kwenye vitu vingine: ngozi za mbuzi, batiki, michoro ya vyuma, na baadaye picha za rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa Washington, Marekani. Cha kuangaliwa hapo ni kwamba mshahara wa ulinzi ulilipa chakula wakati ufundi mpya ukijengwa. Wapo wanaodhani mbunifu wa kweli ni yule aliyeacha kila kitu. Kwa mwekezaji, kijana mwenye kibarua cha asubuhi na karakana ya jioni ni salama zaidi, kwa sababu hatakula mtaji aliopewa.

Kuhusu majukwaa, tahadhari kidogo. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, ambaye alisomea udaktari wa binadamu kabla ya kuingia kwenye mitindo, imekuwa ikiwapa nafasi wabunifu chipukizi. Ni jambo jema. Lakini makofi hayalipi kitambaa. Anayekwenda kuonyesha nguo sita ahakikishe anajua bei ya kila moja, siku za kuitengeneza upya, na namba ya simu ya kupokelea oda.

Kuibiwa mchoro

Hakuna linalomvunja moyo anayeanza kama kuukuta mchoro wake kwa jirani kwa bei ya chini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda pia kazi za sanaa za matumizi, ziwe za mikono au za kiwandani. Ofisi inayohusika ni COSOTA. Alama ya biashara, yaani jina au nembo, husajiliwa BRELA. Kwa Tanzania Bara usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Kwa mtu wa vitambaa 20, kesi mahakamani ni ghali kuliko mzigo. Zaidi ya karatasi, ulinzi wake wa kila siku ni alama inayojulikana na mchoro mpya unaotoka kabla wa zamani haujachakaa. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara ya kanga Mombasa mwaka 1887, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha kuchapa maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine waliiga maneno hayo mpaka yakawa ya kila kanga. Alama yake ya "Mali ya Abdulla" ndiyo iliyobaki yake, na wanunuzi waliendelea kuitafuta. Kijana wa Bagamoyo anayetia alama ndogo ileile kwenye pembe ya kila kitambaa, tangu cha kwanza, anajenga kitu ambacho jirani hawezi kukinakili bila kuonekana mwizi.

Kalenda na mkopo

Biashara ya pwani hii ina majira. Kuanzia Machi hadi Mei mvua huwa nyingi, batiki hazikauki, mbao hunyonya unyevu, na wageni hupungua. Juni hadi Septemba hali huwa kavu na watalii huongezeka. Tamasha kwa kawaida huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, ikifuatiwa na Krismasi na Mwaka Mpya. Idi huhama kila mwaka, hivyo mshonaji ni lazima aitazame kalenda mapema, maana oda za Idi huja zote wiki mbili za mwisho.

Anayejua hayo haoni masika kama msiba. Huo ndio wakati wa kutengeneza sampuli, kujaribu rangi kwenye vipande vidogo, na kuwatembelea wenye hoteli na maduka kukusanya oda za Julai. Asiyejua hutengeneza mzigo mkubwa mwezi Februari kwa fedha aliyoipata msimu uliopita, na mvua inamkuta hana kitu.

Vyanzo vya mtaji mdogo vipo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, na ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa hasa kwa vikundi. Kikundi cha watu wa kazi moja, kama wapaka batiki watano wanaonunua rangi pamoja, kina maana ya kibiashara. Kikundi kilichoundwa siku ya kujaza fomu hugawana fedha na kutawanyika.

Mtu binafsi anayetaka kumwekea kijana fedha ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kutoa. Katika miezi mitatu iliyopita ameuza vipande vingapi, kwa nani, na wangapi wamerudi? Ni kiasi gani kiko nje kwa mali kauli? Kipande kilichouzwa haraka kuliko vyote kilikuwa cha mchoro gani? Aliye na majibu hayo kwenye daftari, hata liwe limechakaa na kuchafuka nta, anaweza kupewa fedha ya vipande 20 mwezi Juni. Marejesho yapangwe kuanza Agosti na kumalizika Januari, na mwezi Machi hadi Mei asidaiwe kitu.